Shairi kwa Shairi: Adabu ya Kusifu na Kusifiwa miongoni mwa Washairi wa Njia ya Kati, kutoka Ugogo hadi Ujiji

1. Utangulizi

Uhakiki wa ushairi wa Kiswahili umeuzungumzia mgogoro wa miaka ya 1970 hasa kama ugomvi wa vina na mizani. Upande mmoja huwekwa wanamapokeo, walioshikilia kuwa utungo usio na vina si shairi. Upande wa pili huwekwa wanamabadiliko, walioviona vina kuwa pambo ambalo ushairi unaweza kuishi bila hilo. Mgawanyo huo ni sahihi, lakini hauelezi kwa nini jambo linaloonekana kuwa la ufundi tu lilizua hamaki kubwa kiasi kile.

Makala hii inadai kuwa sehemu ya jibu imo katika adabu ya kusifu na kusifiwa. Miongoni mwa washairi waliokutana katika kurasa za magazeti, sifa ililipwa kwa shairi, na shairi la jibu lilitarajiwa kushika umbo la lile lililosifiwa. Kwa hiyo utungo huru ulikiuka kanuni ya fani na, pamoja na hilo, uliondoa njia ambayo kwayo mshairi alimheshimu mwenzake.

Ushahidi unatolewa katika njia ya kati, yaani njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Tabora, ikaishia Ujiji. Uteuzi huu una sababu. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Dodoma. Kaluta Amri Abedi na Saadani Kandoro walikuwa watu wa Ujiji. Hivyo, watatu miongoni mwa watetezi mashuhuri wa kanuni zilizokomaa katika mwambao walitoka bara, katika nchi ambazo Kiswahili kiliingia pamoja na misafara.

2. Njia na itikio

Katika karne ya 19 Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, ilikuwa kituo kikuu cha njia hiyo. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na msafara uliongozwa na kirangozi, ambaye wimbo wake uliitikiwa na waliomfuata. Itikio hilo lilikuwa na gharama: mwenye mzigo begani alitoa pumzi aliyoihitaji kwa safari. Kuitikia kulionyesha kuwa wimbo umepokewa, na ukimya wa msafara ulikuwa hukumu juu ya mwimbaji.

Katika ngoma za mashindano, ambazo zimeandikwa zaidi kwa upande wa Wasukuma, majirani wa Wanyamwezi, kibali kilipimwa kwa namna nyingine. Makundi ya Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, kila moja likiongozwa na manju wake, na watazamaji huhamia upande unaowavutia. Anayepata umati mkubwa ndiye mshindi. Lakini mashindano hayohayo yanajulikana kwa matumizi ya dawa za kuvuta watu. Maana yake ni kwamba jamii yenyewe ilitambua udhaifu wa kipimo cha idadi: umati waweza kuvutwa na kitu kingine kisichokuwa ubora wa wimbo, na manju aliyeshindwa daima alikuwa na la kusema.

Haidaiwi hapa kuwa mshairi wa gazetini alirithi adabu yake moja kwa moja kutoka kwa mpagazi au manju. Linalodaiwa ni kwamba tayari palikuwa na namna mbili za kukubali sanaa, moja ya kuitikia na moja ya kuhesabu, na kwamba washairi walijenga jumuiya yao juu ya ile ya kwanza.

3. Adabu ya gazetini

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923. Treni iliyofuata nyayo za misafara ikawa pia njia ya mashairi: mtunzi wa Tabora aliweza kusoma utungo wa mtu wa Tanga ambaye hajapata kumwona, akamjibu, na jibu likasomwa Ujiji.

Jumuiya hiyo ya wasioonana ilihitaji adabu, na mashairi yenyewe yanaionyesha. Mtunzi hakuingia bila hodi: beti za mwanzo zilimwomba mhariri nafasi na kuwasalimu wasomaji. Anayejibiwa alitajwa kwa jina, na mara nyingi kwa mji wake. Jibu lilishika bahari ya shairi la kwanza, na aghalabu vina vyake au kibwagizo chake pia. Beti za mwisho zilitaja jina la mtunzi na mahali alipo, ili sifa au lawama isiwe ya mtu asiyejulikana. Aliyesifiwa naye alikuwa na wajibu wake: hakuipokea sifa kimyakimya, wala hakuikubali yote. Alijishusha, akajiita mwanafunzi, akairudisha sifa kwa walimu wake au kwa Mwenyezi Mungu, kisha akamsifu aliyemsifu.

Wahakiki wengi hulipita tabaka hili kama maneno ya mazoea. Yafaa lisomwe kama sehemu ya maana. Shairi la kawaida lina mishororo minne kwa ubeti, mizani 16 kwa mshororo, na vina vya kati na vya mwisho. Anayekubali kuvifuata vina vya mwenzake anajifunga kwa uteuzi ambao si wake. Itambidi aisome kazi ile kwa makini, aone mwenzake ametumia maneno gani na ameacha yapi. Jibu la namna hiyo ni uthibitisho wa usomaji. Mtu aweza kusema kwa urahisi kuwa utungo ni mzuri. Kulitimiza shairi la beti kumi katika umbo la mwingine si rahisi. Gharama hiyo ndiyo iliyoipa sifa uzito.

Kwa watu wa bara adabu hii ilikuwa na faida ya ziada. Mtunzi wa Ugogo au Unyamwezi hakuweza kudai nasaba ya Lamu au Mombasa, lakini aliweza kujibu kwa vina kamili. Hapa ndipo umuhimu wa kitabu cha Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), unapoonekana. Kwa kuziandika sheria, Amri alikifanya kiingilio cha jumuiya kiwe kitu cha kujifunza. Kwa mtu wa Tabora, sheria zilikuwa mlango kabla ya kuwa ukuta.

4. Kilichofichwa na adabu

Hata hivyo, adabu hii haipaswi kutukuzwa bila kupimwa. Kwanza, ilimpa haki ya kusifu yule tu aliyeweza kutunga. Wasikilizaji waliosomewa gazeti barazani, na wanawake wengi ambao majina yao hayakufika kwa mhariri, walipenda au walichukia mashairi bila kuacha alama. Katika ngoma mtu asiyejua kuimba angalau alihamisha miguu yake. Gazetini hakuwa na cha kuhamisha.

Pili, sifa iliyolazimu kurudishwa iligeuka deni. Aliyesifiwa leo alitarajiwa kusifu kesho, na katika mzunguko huo ni vigumu kwa mhakiki wa baadaye kutenganisha hukumu ya kweli na malipo.

Tatu, adabu ya kujibizana iliweza kutekwa na kusudi lililopangwa mapema. Ngonjera za Mnyampala ni mfano ulio wazi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, aliukuza utanzu huu ambamo pande mbili hujibizana kwa beti, na Ngonjera za UKUTA zikatolewa katika vitabu viwili, mwaka 1970 na 1971, yeye akiwa amekwisha kufariki mwaka 1969. Umbo ni la majibizano, lakini mwisho unajulikana: anayepinga huelimishwa, kisha hukubali. Kukubali kwake hakuna gharama, kwa kuwa hakupewa nafasi ya kukataa. Katika ngonjera, itikio limebaki na sauti yake ingawa limepoteza hiari.

5. Shairi lisilojibika

Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilitoka mwaka 1974. Mwandishi wake alikuwa mtu wa Ukerewe, ng’ambo ya mwisho wa tawi lile la reli linaloanzia Tabora. Mtunzi wa mapokeo aliyetaka kukijibu alikabiliwa na njia tatu. Akijibu kwa vina, alikuwa amekwisha kulikataa umbo la mwenzake. Akijibu bila vina, alikuwa amekiacha chama chake. Akijibu kwa nathari, aliacha kuwa mshairi na kuwa mhakiki. Utungo huru hauna vina vya kuazima wala kibwagizo cha kupokea. Hauna mahali pa kushikwa na mkono wa mjibu. Kwa aliyelelewa katika adabu ya shairi kwa shairi, hii ilikuwa sawa na mtu kusema na kuondoka kabla ya kuitikiwa.

Ndiyo sababu mjadala ulihamia katika dibaji, makala na mihadhara, mahali ambapo wasomi wa chuo kikuu walikuwa wenyeji na malenga walikuwa wageni. Hasira ya wanamapokeo ilikuwa na msingi huu pia: walikuwa wakipoteza kanuni, na papo hapo walikuwa wakipoteza uwanja.

Pamoja na hayo, kanuni moja ya adabu ilidumu pande zote. Amri aliambatanisha sheria na diwani yake. Jumanne Mayoka alifanya vivyo hivyo katika Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka (1984). Hata Kahigi na Mulokozi, waliotetea mabadiliko, walikiita kitabu chao Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Waliopingana juu ya kila kitu walikubaliana kuwa anayehukumu tungo za wengine sharti aweke za kwake mezani.

6. Hitimisho

Uchambuzi huu una matokeo kwa utafiti. Diwani hukusanya kazi za mtunzi mmoja, na majibu ya wenzake aghalabu hubaki katika magazeti. Shairi linalosomwa bila majibu yake limekatwa nusu: linaonekana kuwa tamko, ilhali lilitungwa kama zamu katika mazungumzo. Tasnifu zinazohesabu tamathali katika diwani bila kuyafuata majibu hayo zinaacha nje hukumu za watu waliokuwa wasomaji makini kuliko wote wa kazi hizo. Inapendekezwa kuwa uhariri wa mashairi ya kipindi hiki uyaweke pamoja shairi, jibu, na jibu la jibu, pamoja na majina ya miji yao. Hapo ndipo itakapowezekana kupima ni sifa ipi ilikuwa usomaji na ipi ilikuwa deni, na kuuona mgogoro wa vina kama walivyouona wahusika: ugomvi juu ya nani anaweza kumjibu nani.