Filamu ya Solaris na Swali la Ondoleo la Dhambi

Zipo filamu za bunilizi za kisayansi ambazo mtu akishajua nani ameshinda hana haja ya kuzirudia. Zipo nyingine, nazo ni chache, ambazo kutazamwa mara ya pili huleta hoja dhidi ya yale tuliyoyaelewa mara ya kwanza. Miongoni mwa hizo chache tunaiweka Solaris ya Andrei Tarkovsky, iliyotolewa katika Umoja wa Kisovyeti mwaka 1972 na kupata Tuzo Kuu Maalumu ya Majaji huko Cannes mwaka huohuo. Tunaandika juu yake kwa kuwa tunadaiwa masahihisho. Kwa miaka kadhaa tuliwaeleza wanafunzi wetu wa somo la kuhubiri kwamba mwisho wa filamu hii ni kielelezo chema cha Mwana Mpotevu (Luka 15:11-32). Tumeitazama tena, na tena, nasi tunakiri kwamba tulikosea.

Kisa kimetokana na riwaya ya Mpolandi Stanisław Lem ya mwaka 1961. Mwanasaikolojia Kris Kelvin anatumwa kwenye kituo kilicho juu ya sayari Solaris, iliyofunikwa na bahari yenye akili. Anawakuta wanasayansi wawili, Snaut na Sartorius. Wa tatu, Gibarian, amejiua. Bahari hiyo huchimbua kumbukumbu za mtu alalapo, ikamletea kiumbe aliyeumbwa kutokana nazo. Kwa Kelvin anakuja Hari, mkewe, ambaye miaka 10 kabla alijiua baada ya ugomvi wao. Alama ya sindano ingali mkononi mwake. Kelvin anamfungia katika roketi na kumrusha angani. Hari anarudi, wala hakumbuki lolote.

Mchungaji yeyote aliyewahi kuketi na mtu aliyemkosea marehemu anaijua hali hii. Aliye hai twaweza kumwendea, wazee wakawepo, radhi ikaombwa na kupokelewa. Marehemu haitwi kikaoni. Lem mwenyewe alilalamika kwamba Tarkovsky hakutengeneza Solaris bali Uhalifu na Adhabu ya Dostoyevsky. Alikusudia kulaumu; sisi twaona hakuna aliyeisifu filamu hii vizuri zaidi yake.

Sasa tuje mwishoni. Kelvin anaonekana amefika nyumbani kwa baba yake. Kupitia dirishani anamwona mzee akiwa ndani, na maji yanammiminikia mgongoni kutoka darini, naye hajali. Kisha mzee anatoka, Kelvin anapiga magoti mbele yake na kumshika, na baba anaweka mikono juu ya mabega yake, sawasawa na mchoro maarufu wa Rembrandt. Hapo ndipo tulipokuwa na desturi ya kusimamisha kanda na kuanza kufundisha. Lakini kamera haisimami. Inapanda juu, na tunaona kwamba nyumba, bwawa na miti vyote viko juu ya kisiwa kidogo katikati ya bahari ya Solaris.

Basi baba yule ni wa namna moja na Hari: ameumbwa kwa kumbukumbu za mwanawe. Mwanzoni mwa filamu mvua ilimnyeshea Kelvin nje, barazani. Mwishoni inanyesha ndani, kana kwamba aliyeijenga nyumba hajui paa ni la nini. Baba wa Luka alimwona mwana angali mbali, akakimbia, na ile hotuba aliyoiandaa hakumwacha aimalize. Baba huyu hatamki neno. Luther alifundisha kwamba haki ya mwenye dhambi iko nje yake. Ndiyo sababu anayeungama hulisikia ondoleo kutoka kinywani mwa mwingine. Msamaha ambao Kelvin anaupata umetoka ndani ya Kelvin. Wakristo wangapi wanaishi kwa msamaha wa aina hiyo, wala hawajui kwa nini hawana amani?

Je, hakuna neema hapo? Tunadhani ipo kidogo, nayo iko kwa Hari. Mwanzoni hawezi kuachwa peke yake hata kidogo. Anapasua mlango wa chuma kumfuata Kelvin. Polepole anaanza kulia kwa ajili ya mwingine, na hatimaye anawaomba wale wawili wamwangamize, akiacha barua. Jambo hilo halikutoka katika kumbukumbu za Kelvin. Hata hivyo hatutamwita mfano wa Kristo, jina tunalolitoa upesi mno. Sisi tuliozika waliojiua hatuwezi kukisifu kifo chake cha pili bila kusita.

Lipo jambo moja linalowahusu Walutheri hasa. Filamu inafunguliwa kwa utangulizi wa kinanda wa J. S. Bach, nao unarudi mara kwa mara: ni tuni ya wimbo wetu wa kale, Nakuita, Bwana Yesu Kristo. Hakuna anayeyaimba maneno. Wakuu wa sinema wa Kisovyeti walidai wazo la Mungu liondolewe, kinanda kikabaki. Asiyeujua wimbo husikia huzuni tu, na anayeujua husikia mtu akiomba. Kwa masikio yetu ombi hilo halijibiwi ndani ya filamu, na Tarkovsky hakujifanya kulijibu. Filamu ya Marekani ya mwaka 2002, iliyoongozwa na Steven Soderbergh kutokana na riwaya hiyohiyo, ni fupi zaidi na inafariji upesi zaidi. Kuitazama mara moja kwatosha.

Ile ya Tarkovsky huchukua karibu saa tatu, na safari ndefu ya gari iliyopigwa picha Tokyo imewahi kuwalaza wanafunzi wetu kadhaa. Darasa lijalo tutawaacha walale hapo, ila tutawaamsha kabla ya mvua ya mwisho, wala kanda haitasimamishwa.