Kuupima Mgahawa wa Kithai Uliodumu Mtaani

Mgahawa ukikaa miaka arobaini mahali pamoja, watu husema lazima chakula chake ni kizuri. Mimi sikubali haraka hivyo. Miaka arobaini inaonyesha kwamba kodi ya pango imelipwa. Katika miaka hiyo mpishi wa kwanza amezeeka, watoto wamesoma na wengine hawataki jiko, bei za vitu zimepanda, na wateja wa zamani wamezoea kuagiza sahani ileile kila Ijumaa bila kutazama menyu. Kila tatizo kati ya hayo lilikuja na njia yake ya mkato: viungo vilivyosagwa tayari vya kwenye kopo, maji ya ndimu ya chupa, sukari nyeupe, kupika kwa sufuria kubwa asubuhi na kupasha moto jioni. Kwa hiyo ninapoingia kwenye mgahawa wa Kithai wenye umri, huwa nauliza jambo moja: ni kazi gani ngumu wangeweza kuiacha zamani, na bado wanaifanya?

Pa kujifunzia swali hilo ni Los Angeles, mji ambao chakula cha Kithai kimekaa muda mrefu kuliko karibu mji mwingine wowote wa Marekani. Wathai walianza kuingia kwa wingi baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 duka la Bangkok Market liliwawezesha wapishi kupata mahitaji ya kwao. Mwaka 1999 mji ukaitambua rasmi Thai Town, kwenye kipande cha Hollywood Boulevard. Lakini migahawa mingi ninayoizungumzia haiko hapo. Iko mitaani, kati ya dobi na duka la dawa. Anajak Thai ya Sherman Oaks ilifunguliwa 1981; Justin Pichetrungsi akaipokea kutoka kwa baba yake mwaka 2019, na mwaka 2023 akapata tuzo ya James Beard ya mpishi bora wa California. Mtaa uleule, jina lilelile, jiko lililoamka.

Kaa kwenye kaunta ya baa kama ipo, hata kama hunywi pombe. Mara nyingi ndipo mahali pa karibu zaidi na jiko, na kabla chakula hakijaja utakuwa umeshajua mengi. Sikiliza kinu. Som tam, saladi ya papai bichi, hutwangwa sahani moja moja kwenye kinu cha udongo kwa mchi wa mti: kitunguu saumu na pilipili kwanza, kisha sukari, maharage mabichi, nyanya, ndimu, na papai mwishoni, likigongwa polepole huku kijiko kikiligeuza. Ukiagiza som tam halafu usisikie mchi, imechotwa kwenye bakuli iliyochanganywa mapema, na papai litakuja limelegea, limejaa maji. Nusa pia. Karai la moto mkali hutoa harufu ya moshi mwembamba inayokugusa puani kisha ikapita. Mafuta ya jana nayo yana harufu yake, nzito, ya kukaa kwenye nguo.

Wali uuchukulie kwa uzito. Mchele wa hom mali una harufu ya asili ambayo hupungua kadiri mchele unavyokaa ghalani, na wali uliokaa kwenye chombo cha umeme tangu mchana huwa mkavu pembeni na hauna harufu yoyote. Onja wali mtupu kijiko kimoja kabla ya kumwagia mchuzi. Mchele wa kunata, ule wa kaskazini mwa Thailand na wa Isan, upande wa kaskazini-mashariki, hulowekwa kwa saa kadhaa na kupikwa kwa mvuke. Unapaswa kufinyangika mkononi bila kukugandia vidole.

Sasa mchuzi wa nazi, na hapa msomaji wa pwani ana faida ya kuzaliwa nayo. Anayejua tofauti ya kasimele na tui jepesi ameshajua nusu ya gaeng, mchuzi wa Kithai. Mpishi wa Kithai huchukua tui zito akalichemsha mpaka mafuta yajitenge, kisha viungo vilivyotwangwa vikakaangwa ndani ya mafuta hayo mpaka harufu ipande, ndipo nyama na tui jepesi vifuate. Ukiletewa bakuli la gaeng ya kijani, tazama juu: utaona matone ya mafuta ya rangi ya majani yakielea. Wateja wengi wa Marekani hudhani hiyo ni kasoro. Ni ushahidi kwamba mpishi alisubiri. Pale ambapo kila kitu kimemiminwa sufuriani kwa pamoja, mchuzi huwa wa rangi moja, mzito, mtamu, na ladha yake huishia palipoanzia. Tui la kopo lenye dawa za kulizuia lisijitenge haliwezi kukatika hata ulichemsheje, kwa hiyo mpishi makini huchagua kopo lake kwa uangalifu au huongeza mafuta ya nazi kidogo. Usikitumie kipimo hiki kila mahali, lakini. Gaeng pa, mchuzi wa porini, haina nazi kabisa.

Viungo vyenyewe utavijua kwa kula mchuzi na wali tu, bila kuchanganya na sahani nyingine. Vya kijani vina pilipili kichaa mbichi, mchaichai, galanga ambayo ni mzizi wa jamaa ya tangawizi, ganda la ndimu ya makrut, mizizi ya kotmiri, vitunguu, saumu, na kamba waliosagwa na kuchachushwa. Vikitwangwa karibuni, ladha huja moja baada ya nyingine, na ya mwisho hubaki kooni. Massaman ni tofauti: ina karafuu, iliki na mdalasini vilivyokaangwa bila mafuta kabla ya kusagwa, na mtu aliyekulia kwenye pilau la Unguja atatambua mara moja kama vilikaangwa au vilitoka kwenye pakiti iliyofunguliwa zamani. Mimi massaman huipima kwa nyama pia. Ikiwa laini lakini haina ladha ya mchuzi ndani yake, ilichemshwa peke yake, ikamwagiwa mchuzi dakika ya mwisho.

Pad thai ndiyo sahani ambayo kila mtu huipima, nami naipa muda mfupi. Rangi yake iwe ya kahawia, ya ukwaju na sukari ya mvumo. Ikiwa nyekundu, mara nyingi kuna tomato sosi. Tambi za mchele zilizolowekwa kwenye maji baridi huunyonya mchuzi karaini na kubaki na ugumu kidogo. Zilizochemshwa hugandana. Machipukizi mabichi ya choroko na kipande cha ndimu vije pembeni. Basi.

Ndimu ina habari zaidi kwenye tom yam, supu chachu ya Kithai. Hukamuliwa sufuria ikiwa imeshaepuliwa, kwa sababu moto huiua harufu yake na kuacha uchachu mtupu. Bakuli likiwekwa mbele yako, harufu ya ndimu ikufikie kabla hujainua kijiko. Kijiti cha mchaichai na vipande vya galanga vilivyomo si vya kuliwa. Vinaonyesha kwamba supu ilianza na mimea halisi.

Halafu kuna swali la ukali. Mhudumu akikuuliza unataka pilipili kiasi gani, moja hadi tano, muulize naye kama kila sahani inaweza kupunguzwa. Jibu zuri ni hapana. Mchuzi ambao pilipili imetwangwa ndani ya viungo vyake hauwezi kupozwa kwa agizo, na mhudumu mkweli atakushauri uchukue sahani nyingine. Akikwambia kila kitu kinawezekana, basi pilipili hunyunyizwa mwishoni, na mchuzi wote ni mmoja. Nimeona swali hili likifichua mengi kuliko jingine lolote.

Baa nayo ina kazi yake, na si pambo. Thailand wana aina nzima ya vyakula vya kusindikizia vinywaji, kap klaem: karanga zilizokaangwa na majani ya ndimu, soseji chachu za Isan, nyama iliyokaushwa juani kisha ikakaangwa, na laab, saladi ya nyama iliyokatwakatwa. Bia hunywewa na barafu. Singha imekuwapo tangu miaka ya 1930. Wiski au ramu huwekwa mezani chupa nzima, na watu wakachanganya na soda huku wakila kwa saa nyingi. Kwa hiyo tazama kama baa na jiko vinajuana. Baa inayojua kazi yake huuza vitu vichungu, vichachu au vyenye mapovu. Ikiwa menyu ya vinywaji ni ya sharubati tamu zenye mwavuli wa karatasi, utamu huo utaua utamu wa sukari ya mvumo na kuacha pilipili peke yake. Lotus of Siam ya Las Vegas, jiko la Saipin Chutima, ilijulikana kwa mvinyo mweupe wa Riesling, na sababu iko wazi: utamu kidogo na uchachu mwingi hutuliza ulimi, wakati mvinyo mwekundu mkali huuchochea moto. Asiyekunywa hakosi kitu. Soda ya ndimu yenye chumvi kidogo au dafu baridi hufanya kazi hiyohiyo, na ndimu ikiwa imekamuliwa hapo hapo utajua baa nzima ikoje. Muislamu aulize tu kuhusu nguruwe, maana vitafunio vingi vya kaunta vina nyama hiyo.

Kwenye laab, tafuta unga wa mchele. Mchele wa kunata hukaangwa mkavu mpaka uwe rangi ya kahawia, ukasagwa kwa chenga. Uliosagwa siku hiyo hunukia na hukwaruza kidogo chini ya meno. Uliokaa wiki huwa kama vumbi.

La mwisho ni menyu ambayo hujapewa. Jitlada ya Hollywood Mashariki ilipopata wamiliki wapya mwaka 2006, vyakula vyao vya kusini mwa Thailand viliandikwa kwa Kithai tu, mpaka mteja mmoja alipovitafsiri na mji mzima ukaja. Muulize mhudumu, kwa heshima, mpishi ametoka mkoa gani, kisha agiza cha mkoa huo: khua kling, nyama kavu ya viungo vikali, ikiwa ni kusini; khao soi, tambi za mchuzi wa nazi, ikiwa ni kaskazini. Mgahawa wenye sahani mia moja na ishirini huwa na kumi ambazo mpishi anazipenda, na hizo kumi ndizo zenye kazi ngumu ndani yake.

Ukizipata, usilalamike bei. Chakula hiki kimedharauliwa muda mrefu kwa kutakiwa kiwe rahisi, ilhali bakuli moja la gaeng lina kutwanga, kukamua na kusubiri kwingi kuliko sahani nyingi za tambi za Kiitaliano zinazouzwa ghali zaidi mtaa huohuo. Lipa, mwachie mhudumu bakshishi yake, na urudi siku ya katikati ya wiki, wakati viti vya kaunta viko wazi na mpishi ana nafasi ya kutwanga.