Anayepigwa Ndiye Mwenye Pambano

Ukienda kutazama tamthilia Nairobi, subiri mpaka wahusika waanze kupigana. Hapo ndipo utajua kama mwelekezi alifanya kazi au alikuja tu kuhesabu tiketi. Mara nyingi utaona moja kati ya mambo mawili. La kwanza: ngumi inapita nusu mita kutoka kwa shavu, kimya kabisa, halafu aliyepigwa anakumbuka kuanguka sekunde mbili baadaye. Ukumbi mzima unacheka, na hapo ndugu anamuua ndugu yake. La pili ni baya zaidi: kofi linatua kweli. Watu wanasema "woi!", wengine wanapiga makofi, na mwigizaji anaendelea na mistari yake huku akitokwa na machozi ambayo mtunzi hakuyaandika.

Wengi huona hayo kama makosa mawili tofauti. Ati mmoja hakuweka bidii, na mwingine aliweka bidii kupita kiasi. Mimi naona ni ugonjwa mmoja. Yote mawili yanatoka kwa imani kwamba pambano la jukwaani ni kazi ya anayepiga. Si kazi yake. Ni kazi ya anayepigwa, na ukishaelewa hilo, hutatazama filamu ya mapanga wala igizo la shule kwa macho yale yale.

Tuanze na mshindwa bora kabisa katika historia ya sinema. Anaitwa Basil Rathbone. Kwenye The Adventures of Robin Hood ya 1938, yeye ndiye Sir Guy of Gisbourne, yule adui anayeuawa na Errol Flynn ndani ya ngome. Rathbone alikuwa amejifunza mchezo wa vitara kwa dhati, na kwa ujuzi wa upanga alimzidi Flynn mbali. Lakini Flynn ndiye aliyekuwa staa, kwa hivyo Rathbone ndiye aliyekufa. Tazama pambano hilo tena, ila safari hii mzibe Flynn kwa kidole. Flynn anatabasamu, anarusha mikono, anapendeza. Rathbone ndiye anayepima umbali. Ndiye anayerudi nyuma kwa hatua ambazo zinafanya kila pigo la Flynn lionekane zito. Ushindi wa Flynn umejengwa na miguu ya Rathbone.

Au mchukue Bob Anderson. Huyu aliiwakilisha Uingereza katika mchezo wa vitara kwenye Olimpiki ya Helsinki, 1952. Miaka mingi baadaye, ndani ya ile nguo nyeusi ya Darth Vader katika The Empire Strikes Back na Return of the Jedi, mapigano mengi alipigana yeye, na hadhira haikujua mpaka Mark Hamill alipolisema hadharani mwaka wa 1983. Hamill ndiye mtu tuliyemuona usoni, tukamshangilia. Aliyekuwa akimlinda, akimngoja, akimpa nafasi ya kuonekana shujaa, alikuwa mzee wa zaidi ya miaka hamsini aliyefunikwa kofia.

Sasa, haya siyatoi kwenye kochi. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina digrii ya sanaa za maonyesho ya kukuonyesha. Nilicho nacho ni warsha ya siku kumi katika ukumbi mmoja wa jamii huku Eastlands, na bakora ya mpera iliyokuwa upanga wangu kwa sababu panga za jukwaani za chuma ni ghali na tulikuwa na mbili tu, watu kumi na wanane.

Siku ya kwanza hatukugusa hata hizo bakora. Tulifundishwa kuvuta nywele. Inakwenda hivi: anayevuta anafunga ngumi na kuiweka juu ya kichwa cha mwenzake bila kushika hata unywele mmoja. Anayevutwa anaishika ile ngumi kwa mikono miwili na kuikandamiza kichwani mwake. Halafu anatembea. Yeye mwenyewe. Anapiga kelele, anajikokota, anapinda magoti, na yule "mkatili" anafuata tu kama toroli. Ukitazama kutoka kwa viti unaapa kwamba msichana anaburutwa. Ukisimama pale karibu unaona ni yeye anayeendesha gari.

Kukaba koo ni vilevile. Mikono ya mkabaji inatua chini ya koo, kwenye mifupa ya kola, haisukumi. Anayekabwa anaishika viganja hivyo na kuvizuia, yaani yeye ndiye breki. Akitaka pumzi, anaachilia. Kofi nalo ni hesabu ya pembe: mmoja anawapa watazamaji mgongo, mkono unapita hewani mbele ya uso, na ile sauti inatengenezwa kwingine, mara nyingi na anayepigwa mwenyewe akijipiga kifuani au pajani kwa mkono usioonekana.

Na upanga? Hapo ndipo kichwa changu kiligeuka. Mimi nilidhani mfuatano ni huu: mmoja anapiga, mwingine anakwepa. Hapana. Mshambuliaji anamtazama mwenzake machoni, anainua upanga waziwazi, halafu anangoja. Mwenzake anainama. Akishainama, ndipo upanga unapita pale kichwa kilipokuwa. Anayeshambuliwa ndiye anayeanza. Asipokutazama, hakuna kupiga. Asiposonga, hakuna kupiga. Upanga wenyewe hauna makali, ncha yake ni butu, na bado pigo la kuchoma linaelekezwa nje ya nyonga, na pengine linaishia shibiri nzima kabla ya mwili. Kabla ya kila onyesho, hata kama ni la ishirini, mnapitia pambano lote polepole, kisha kwa kasi ya kati. Hakuna cha "sisi tumezoea."

Mpangilio huo unaonekana kama sheria ya usalama tu, na ni kweli, unaokoa macho ya watu. Lakini pia ni sheria ya masimulizi. Mtazamaji hana njia ya kuhisi nguvu ya pigo. Anachoweza kuona ni mwili ulioipokea. Shakespeare alilijua hilo. Katika Romeo and Juliet, Mercutio anachomwa chini ya mkono wa Romeo aliyekuja kuwaachanisha. Katika filamu ya Franco Zeffirelli ya 1968, pambano linaanza kama mzaha wa vijana wa mtaa wakati wa jua kali, na Mercutio akishachomwa anaendelea na utani, marafiki wanacheka, wanadhani bado anaigiza. Ni yeye anayetuambia ameumia, na anatuambia pole pole. Tybalt alifanya kazi ya sekunde moja. Mercutio alifanya iliyobaki yote.

Ndiyo maana kwangu pambano bora kabisa la sinema haliko kwenye filamu yenye kasi. Liko kwenye The Duellists ya 1977, filamu ndefu ya kwanza ya Ridley Scott, inayotokana na hadithi ya Joseph Conrad. Maafisa wawili wa jeshi la Napoleon wanapigana mara kwa mara kwa miaka mingi kwa sababu ambayo hata wao hawawezi kuieleza vizuri. Mapigano yalipangwa na William Hobbs, Mwingereza ambaye kazi yake yote ilikuwa kuwakumbusha waigizaji kwamba watu wanaopigana huogopa. Kuna pambano moja la vitara vizito ambapo wanaume hawa wamechoka hadi hawawezi kuinua mikono. Wanahema. Wanavuta chuma kana kwamba ni magunia ya mahindi. Wakikutana ni kuangukiana, si kupigana. Hakuna hatua hata moja ya kupendeza, na huwezi kugeuza macho.

Linganisha na The Princess Bride ya 1987, ambapo Anderson na Peter Diamond waliwafundisha Cary Elwes na Mandy Patinkin kupigana kwa mkono wa kulia na wa kushoto pia. Pale kuna urembo mtupu, na mimi naupenda, lakini tazama kinachoubeba: kila mmoja anamfurahia mwenzake. Mmoja akipangua pigo, uso wake unasema "eh, hiyo ilikuwa nzuri." Kwa Hobbs mwili unapokea uchovu, kwa Anderson mwili unapokea furaha. Filamu nyingi za siku hizi hazina hata kimoja. Kamera inatingishwa, picha inakatwa kila nusu sekunde, na mtu anayepigwa hapewi muda wa kupigwa. Unaona kasi tu, na kasi ni kitu unachosahau ukifika kwa mlango.

Turudi nyumbani, kwa sababu huku ndiko inakouma. Hapa kwetu tamthilia nyingi hazina mapanga. Zina makofi. Zina polisi na virungu, mume na mshipi, mwalimu na kiboko. The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo imejaa mateso ya seli. Vikundi vinavyozunguka shuleni kuigiza setibuku huwa na angalau tukio moja la mwanamke kupigwa, na huonyeshwa asubuhi kwa shule moja, mchana kwa nyingine.

Nilizunguka na kikundi kimoja hivyo kwa muhula mzima. Mwenzangu mmoja, msichana wa miaka kumi na tisa, alikuwa akipigwa kofi kila onyesho. Kofi la kweli. Mwelekezi wetu alikuwa na msemo wake: "Wanafunzi si wajinga, wataona." Maonyesho mawili kwa siku, siku nne kwa wiki. Kufikia wiki ya tatu alikuwa anafumba macho kabla ya mkono kuinuka. Na hapa sisemi kama mtetezi tu, nasema kama mkosoaji: igizo liliharibika. Mhusika wake alipaswa kushangazwa na lile kofi. Ndio mume wake kumpiga kwa mara ya kwanza. Lakini mwili wa mwigizaji ulikuwa umeshalijua, ukajikunja mapema, na wanafunzi wakaona mwanamke aliyezoea. Kofi la kweli lilisema uongo. Kofi la uongo lingesema ukweli. Aliacha uigizaji mwisho wa muhula, na nafasi yake ikajazwa wikendi hiyo hiyo.

Nikileta hoja hii, najibiwa kwamba bajeti haipo na kwamba haya ni mambo ya wazungu. Tuchukue la kwanza. Kuvuta nywele kwa njia niliyoeleza kunagharimu saa moja na watu wawili. Kofi ni saa mbili. Hakuna kifaa kinachonunuliwa.

La pili lina ukweli nusu. Chama cha waelekezi wa mapigano cha Marekani, kilichoanzishwa 1977, kinatahini aina nane za silaha, na nyingi ni za Ulaya: upanga mwembamba na jambia, upanga mpana, upanga na ngao. Rungu halipo. Lakini nenda Lamu wakati wa Maulidi utazame kirumbizi. Wanaume wawili ndani ya duara, bakora mkononi, ngoma na zumari zikilia. Mmoja anatafuta mwanya, mwingine anakinga. Wazee walio pembeni hawamshangilii tu anayepiga. Wanatazama anayekinga, jinsi anavyozunguka, jinsi anavyokaa ndani ya mdundo hata bakora ikimjia. Kirumbizi hakijapangwa hatua kwa hatua kama pambano la jukwaani, kwa hivyo tusiseme ni kitu kimoja. Lakini jicho tayari tunalo. Somo la umbali, la kutazamana, la heshima kati ya wawili, liko hapa pwani kabla hujatafuta tikiti ya ndege.

Na kama unataka ushahidi mzito zaidi, mkumbuke Fumo Liyongo. Shujaa yule hafi kwenye pambano. Mwanawe anamchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde na mishale, anapiga goti karibu na kisima, na anafia pale akiwa ameuvuta. Mji mzima unashinda na kiu kwa siku kadhaa kwa sababu hakuna anayethubutu kumkaribia maiti. Mapokeo hayo ndiyo yaliyomo nyuma ya Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni. Mchomaji hana muda wowote katika kumbukumbu yetu. Tunachobaki nacho ni namna mtu alivyoipokea ile sindano.

Bado kuna wanaosema kwamba bila hatari ya kweli watazamaji hawataguswa. Desemba 2008, katika ukumbi wa Burgtheater mjini Vienna, mwigizaji wa Mary Stuart ya Schiller alijikata shingo mbele ya watu kwa sababu kisu alichopewa kilikuwa na makali, si kile butu cha maigizo. Alinusurika. Habari za wakati ule zilisema baadhi ya watazamaji walipiga makofi, wakidhani ni ufundi. Fikiria hilo. Damu ya kweli kabisa, na ukumbini ilikuwa sawa na rangi. Uhalisia wa jeraha haufiki kwa viti. Kinachofika ni uigizaji.

Kwa hivyo ombi langu kwa vikundi vyetu si panga za chuma. Ni jina moja kwenye bango: mwelekezi wa mapigano, hata kama ni mmoja wa waigizaji wenyewe aliyefunzwa, na alipwe. Na kama wewe ndiye umesimama kwenye mazoezi na umeambiwa "mpige tu kweli," uliza swali moja: kati yetu wawili, nani anaanza kusonga? Kama mwelekezi hana jibu, pambano bado halijatengenezwa. Keti chini mpaka litengenezwe.