Kurejelewa na Kuchangia: Uhakiki wa Idadi ya Marejeleo kama Kigezo, kwa Mfano wa Machapisho ya Denis Burkitt

1.0 Utangulizi
Mwaka 1955, Eugene Garfield alipendekeza katika jarida la Science kuundwa kwa faharasa ya marejeleo, ili msomaji aweze kufuatilia safari ya wazo kutoka makala moja hadi nyingine. Chombo hicho cha kutafutia maarifa baadaye kiligeuzwa mizani ya kupimia watu. Mwaka 2005, Jorge Hirsch alipendekeza kipimo cha h: mtafiti hupata h ya 20 endapo makala zake 20 zimerejelewa angalau mara 20 kila moja. Uhakiki huu unadai kwamba mizani hiyo huonesha namna makala ilivyotumiwa na waandishi wengine, wala haioneshi uzito wa mchango wenyewe. Mfano unaotumika ni wa Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala.

2.0 Makala Iliyokosa Wasomaji
Mwaka 1957, Hugh Trowell alimwita Burkitt amwone mtoto mwenye uvimbe wa taya. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, Burkitt alikuta mtoto mwingine mwenye dalili zilezile. Alipekua kumbukumbu za wagonjwa, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya watoto 38 katika British Journal of Surgery. Makala hiyo haikuvuta macho ya wengi. Ilitoka katika jarida la wapasuaji, ilhali waliohitaji kuisoma zaidi walikuwa wanapatholojia na watafiti wa saratani. Tena iliuita ugonjwa huo sakoma. Mwaka 1961, Burkitt na Gregory O'Conor waliueleza katika jarida la Cancer kuwa ni limfoma. Kamati ambayo ingempima Burkitt mwaka 1960 kwa marejeleo pekee ingemwona mpasuaji wa kawaida. Hata hivyo, maneno ya makala ya 1958 hayakubadilika baadaye. Waliobadilika ni wasomaji wake.

3.0 Yasiyoingia katika Hesabu
Machi 1961, Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein. Sampuli za uvimbe zikaanza kusafirishwa kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli zake. Kiungo muhimu cha mnyororo huo kilikuwa mhadhara, na mhadhara hauhesabiwi na faharasa. Vivyo hivyo, Burkitt alituma hojaji kwa hospitali nyingi za Afrika, kisha mwaka 1961 akasafiri na Ted Williams na Cliff Nelson takriban maili 10,000 kwa gari ili kujua ugonjwa unaishia wapi. Ramani iliyopatikana ilitegemea watumishi wengi wa hospitali za pembezoni, ambao hawana h yoyote.

Zaidi ya hayo, jina la Burkitt likawa jina la ugonjwa. Anayeandika leo kuhusu limfoma ya Burkitt humtaja bila kulazimika kuirejelea makala yake. Kwa namna hiyo, mchango ukikita mizizi sana huweza kupotea katika hesabu.

4.0 Hoja Kinzani
Inaweza kudaiwa kwamba idadi kubwa, angalau, ni ushahidi wa manufaa. Dai hilo lina ukweli. Makala ya Oliver Lowry na wenzake ya 1951, kuhusu njia ya kupima protini, imerejelewa zaidi ya mara 300,000. Maabara nyingi ziliihitaji. Lakini Lowry mwenyewe hakuiona kuwa kazi yake kubwa. Idadi hiyo inathibitisha kwamba kifaa kilitumika, haithibitishi kwamba kilikuwa ugunduzi mkuu. Aidha, maandishi ya Burkitt ya miaka ya 1970 kuhusu nyuzinyuzi za chakula yalirejelewa na walioyakubali na walioyapinga, na mizani huwahesabu wote sawa.

5.0 Hitimisho
Katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, ambako machapisho ni sharti la kupanda cheo, suala hili linagusa maisha ya watafiti. Daktari wa wilayani anayeeleza ugonjwa ambao bado haujapewa jina yuko pale alipokuwa Burkitt mwaka 1958. Idadi ya marejeleo iendelee kutumika kama dalili, lakini haiwezi kushika nafasi ya kuisoma makala yenyewe.