Alizeti Pori: Kutoka Uani Hadi Tuta la Sukuma

Alizeti ya shambani huvunwa mara moja ikaisha. Alizeti pori, yaani Tithonia diversifolia, ukiikata leo huchipua tena kutoka shinani, mwaka nenda mwaka rudi. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, ila imezoeleka Kenya hata wengi huidhania ya papa hapa.

Kwa miaka mingi ilikuwa ua wa kuzungushia boma na pambo tu. Miaka ya 1990, watafiti wa taasisi za ICRAF (kilimo-misitu), KARI (kilimo) na KEFRI (misitu) waliokuwa Maseno, magharibi mwa Kenya, waliyapima majani yake. Yalipokaushwa yalikuwa na naitrojeni karibu asilimia 3.5, fosforasi 0.37 na potasiamu 4.1. Hivyo ni viwango vikubwa kwa mmea usio wa jamii ya kunde! Hauchukui naitrojeni kutoka hewani. Huivuta ardhini na kuiweka majanini. Anayeukata basi anahamisha rutuba tu, na udongo wa uani utachoka asipourudishia kitu.

Njia yao ilikuwa nyepesi kueleza: majani na vitawi laini hukatwa, hukatwakatwa kwa panga, kisha hufukiwa yakiwa mabichi. Huoza upesi, ndani ya wiki moja hivi nusu yake imekwisha. Ugumu ulikuwa kwenye mzigo. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa tani 5 za majani makavu kwa hekta, na jani bichi sehemu kubwa ni maji. Kwa mahindi, jasho lilizidi faida. Kwa sukuma wiki na nyanya, zenye bei nzuri, hesabu ilikubali.

Hesabu hiyo inaifaa sana Gatongora, kule Ruiru, ambako bustani ya nyumbani ni matuta machache na ua uko hatua chache tu. Tani 5 kwa hekta ni nusu kilo kwa mita moja ya mraba. Tuta la mita 4 za mraba linataka kilo 2 za majani makavu, karibu kilo 10 mabichi: mzigo wa mtu mmoja, safari moja.

Kuupanda mmea wenyewe ni rahisi. Vipande vya shina lililokomaa, sentimita 20 hadi 40, huchomekwa wima au kwa mshazari siku hiyohiyo vilipokatwa, mvua za masika zikishalainisha ardhi. Vikilazwa na kufukiwa, huchipua kwa shida.

Jambo moja halina mjadala: maua yakatwe kabla ya kukomaza mbegu. Mmea huu husambaa haraka, na jirani hakuuomba.