Slaidi Nne za Bwawa la Mchanga

Slaidi humfaa mwanafunzi inapomwonyesha kile ambacho macho yake hayawezi kukifikia. Ikutha, kusini mwa Kaunti ya Kitui, watoto wamezoea kuona maji yakichotwa kwenye mchanga wa mto uliokauka, kama Tiva. Jinsi maji hayo yanavyohifadhiwa ndiyo haionekani. Somo la bwawa la mchanga, yaani ukuta unaojengwa mtoni ili kuzuia mchanga na maji, linaweza kuelezwa kwa slaidi nne.

Ya kwanza ni picha ya mto wa karibu wakati wa kiangazi, iliyopigwa kwa simu, bila maandishi. Mwalimu anauliza maji yako wapi, kisha anasubiri majibu. Ya pili ni mchoro wa mto uliokatwa wima: mwamba chini, na juu yake ukuta wa mawe na saruji. Ya tatu inaongeza mchanga ulioletwa na mafuriko. Mchanga mzito umetuama nyuma ya ukuta, tope jepesi limepita juu. Ya nne inaongeza rangi ya buluu: maji yaliyojaa katikati ya chembe za mchanga, ambayo huweza kufika robo ya ujazo wa mchanga huo au zaidi, yakiwa yamekingwa na jua.

Slaidi ya tatu na ya nne hutengenezwa kwa kunakili iliyotangulia na kuongeza kitu kimoja tu. Kwa kuwa mchoro hausogei, jicho hutua papo hapo kwenye kilichobadilika.

Maelezo hubaki mdomoni mwa mwalimu. Utafiti wa Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Marekani, umeonyesha kwamba picha na sauti hufundisha vizuri zaidi kuliko picha, sauti na maandishi yanayorudia maneno yaleyale. Majina mafupi yaandikwe kando ya sehemu husika, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka dawati la nyuma. Darasa likiwa na mwanga mwingi, maandishi meusi juu ya weupe husomeka vyema zaidi.

Baada ya slaidi ya nne, mwalimu hubonyeza herufi B. Katika PowerPoint, na pia Impress isiyolipiwa, skrini huwa nyeusi. Wanafunzi huchora bwawa daftarini kwa kukumbuka; B ikibonyezwa tena, mchoro hurudi nao hujisahihisha. Umeme ukikatika, hatua zilezile huchorwa ubaoni kwa chaki. Somo lililopangwa vizuri halitegemei projekta.