“-etu” ya Nani? Elimu ya Kujitegemea Ikisomwa Kutoka Mishamo

Insha ya Nyerere, Elimu ya Kujitegemea (1967), husomwa zaidi kama tamko la sera. Hapa inasomwa kama matini, na kwa kushika neno moja tu: kimilikishi -etu. Jamii yetu, shule zetu, vijiji vyetu. Juu ya kimilikishi hicho imesimama hoja kwamba mtoto wa mkulima afundishwe maisha ya kijijini, kwa kuwa kijiji ni chake. Dai hilo la mwisho insha haijalijengea hoja; imelichukulia kuwa limekwisha kukubaliwa.

Wilayani Mpanda dai hilo linayumba. Makazi ya Katumba (1973) na Mishamo (1978) yalifunguliwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972. Watoto waliokulia humo, kati ya mahindi, maharage na tumbaku, walisoma kwa Kiswahili na kwa mtaala wa Tanzania. Jembe walilijua mapema, pasipo kuhimizwa na sera yoyote. Ikiwa kujitegemea ni kulima, wao walihitimu. Hata hivyo, kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali, na vyeti vya uraia vilisubiri hadi 2014.

Zipo lugha zenye “sisi” mbili: moja humjumuisha msikilizaji, nyingine humtenga. Kiswahili kina moja. Mwanafunzi wa Mishamo aliyesomewa “nchi yetu” darasani hakupata katika sarufi dalili yoyote ya kumwambia kama naye amehesabiwa.